Mission: Impossible Kabla ya Tom Cruise: Tamthilia ya Kijasusi Iliyotupita Watu wa Mara

Juzi nimekaa zangu pale Mwigobero, Musoma, nasubiri sato akaangwe, simu ya dogo mmoja wa bodaboda ikaita. Mlio wenyewe mnaujua. Ule wa tan, tan, ta-ta, tan, tan, ta-ta. Watu watatu wakageuka kwa mpigo na wote wakatamka jina moja: Tom Cruise. Nikamuuliza dogo kama anajua kwamba huo muziki inawezekana umemzidi baba yake umri. Akaniangalia kama mtu aliyepigwa na jua la ziwani.

Lakini ndo hivyo wadau. Huo muziki ulisikika kwenye televisheni kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Tom Cruise wakati huo alikuwa na miaka minne. Kabla ya kuruka na pikipiki kwenye majabali, kabla ya kuning'inia kwenye lile jengo refu la Dubai, Mission: Impossible ilikuwa tamthilia ya kila wiki huko Marekani, sizoni 7, vipande 171. Ilianza tarehe 17 Septemba 1966 kwenye kituo cha CBS na ikafika mwisho Machi 1973. Sisi huku Musoma, Bunda na Butiama hatukuona hata kipande kimoja, na aliyesababisha tusione ni mtu wa hapa hapa kwetu. Nitafika huko.

Tuanze na wenyewe. Aliyeibuni anaitwa Bruce Geller. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa Desilu, na bosi wake alikuwa mwanamama Lucille Ball, yule mchekeshaji aliyewavunja mbavu Wamarekani miaka ya 1950. Kampuni hiyo hiyo, mwezi huo huo wa Septemba 1966, ikatoa na Star Trek. Yaani mama mmoja wa vichekesho ndiye alikubali kubeba gharama za tamthilia mbili ambazo mpaka leo Hollywood inazikamua. Mwaka uliofuata kampuni ikauzwa.

Mtindo wa kila kipande ulikuwa ule ule, na huo ndo ulikuwa utamu wake. Kiongozi wa kikosi anaenda sehemu ya kawaida kabisa, labda kwenye duka au stoo, anakuta kanda ya sauti na bahasha ya picha. Sauti inampa kazi, inamwambia akikamatwa serikali itamkana, kisha kanda inajiunguza moshi ukitoka. Halafu kikosi kinakaa, wanaambizana nusu ya mpango, na wewe mtazamaji unafichwa nusu iliyobaki. Hapo ndo unaganda kwenye kiti.

Ukitegemea risasi utakata tamaa. Hawa jamaa walikuwa watu wa changa la macho. Wanamvalisha mtu sura bandia, wanajenga chumba cha uongo kinachofanana na chumba cha kweli, wanamfanya adui amshuku rafiki yake mwenyewe, mpaka mwisho jamaa anajifunga goli. Kikosi kinapanda gari, kinaondoka, hakuna hata anayetabasamu. Geller hakutaka tujue habari za nyumbani kwao, nani kaoa, nani ana mtoto. Ukizoea tamthilia za siku hizi ambazo jasusi analia kila baada ya dakika kumi kwa sababu ya mchumba, utaona hawa ni watu wa mawe.

Kingine kilichonichekesha: muziki wenyewe. Mtunzi ni Lalo Schifrin, mzaliwa wa Buenos Aires, Argentina. Nyimbo nyingi tunazocheza zina mapigo manne. Huu una matano, ndo maana ukijaribu kuuchezea unajikwaa. Na ukiugonga mezani, ndefu mbili na fupi mbili, umeandika M na I kwa alama za Morse, zile za simu za maandishi za zamani. Dogo wa bodaboda anatangaza kifupi cha Mission: Impossible kila anapopigiwa na mteja wa Nyasho, na hana habari.

Kiongozi wa kwanza wa kikosi hakuwa Ethan Hunt wala Jim Phelps. Alikuwa Dan Briggs, aliyeigizwa na Steven Hill. Hill alikuwa Myahudi mshika dini. Ijumaa jua likikaribia kuzama, yeye anaondoka, kamera iwe inawaka au imezimwa. Kwa ratiba ya televisheni hilo likawa tatizo, sizoni ya kwanza ikaisha na yeye akaisha nayo. Mwaka 1967 akaja Peter Graves kama Jim Phelps, mvi kichwani, sauti ya mwalimu mkuu, akakaa mpaka mwisho. Kulikuwa na Martin Landau, mtu wa sura elfu moja, na mke wake wa kweli Barbara Bain, aliyemcheza Cinnamon Carter. Bain alibeba tuzo ya Emmy miaka mitatu mfululizo. Wote wawili wakaondoka 1969 kwa ugomvi wa mikataba, na nafasi ya Landau akachukua Leonard Nimoy, ndo kwanza Star Trek yake imefutwa.

Ila mtu wangu mimi ni Barney Collier.

Barney aliigizwa na Greg Morris, Mmarekani mweusi, na alikuwemo sizoni zote 7. Kazi yake? Fundi. Anatengeneza mitambo, anatoboa ukuta, anapita kwenye mabomba, anaunganisha nyaya huku jasho linamtoka na mlinzi yuko hatua mbili nyuma ya mlango. Sasa weka akilini mwaka wenyewe. Sheria ya kulinda haki ya weusi kupiga kura Marekani ilipitishwa 1965. Mwaka mmoja baadaye kila wiki watu wanamwona mtu mweusi sebuleni mwao, na ndiye mwenye akili ya umeme kuliko wote, na hakuna anayeshangaa. Mwaka mmoja kabla yake I Spy ilikuwa imeshampa mweusi nafasi ya kuongoza tamthilia, kwa hiyo Barney hakuwa wa kwanza. Lakini kwa mtoto wa Bunda anayefungua redio mbovu kwa bisibisi ya kuchonga, huyo ndo angekuwa bango la ukutani.

Bahati mbaya mtoto wa Bunda hakuwa na pa kumwonea.

Zanzibar walipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, na mpaka leo wanajivunia kuwa wa kwanza kwa rangi kusini mwa Sahara. Jirani zetu Kenya walikuwa nayo tangu 1962. Bara, hakuna. Serikali ilisema televisheni ni anasa. Hela iende kwenye maji, shule na zahanati, si kwenye kioo ambacho wangekiangalia wachache wa mjini. Na mkuu wa serikali hiyo alikuwa mtoto wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa hapo mwaka 1922 na kuzikwa hapo hapo 1999.

Msiniambie namsema Mzee. Mtu hakuwa adui wa maigizo hata kidogo. Mwaka 1963, akiwa rais, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar, ambao ukiutazama vizuri ni hadithi ya njama tupu: watu wanakutana usiku, barua za kughushi zinarushwa dirishani, rafiki anamchoma rafiki kisu. Baadaye akatafsiri na Mabepari wa Venisi. Kwa hiyo njama alizipenda. Kioo ndo alikikataa.

Na kusema ukweli, miaka ile ile kina Phelps wakiigiza, Dar es Salaam yenyewe ilikuwa tamthilia. Januari 1965 maofisa wetu walinasa mazungumzo ya simu kati ya wanadiplomasia wawili wa Marekani, mmoja Dar, mwingine Zanzibar. Walikuwa wanaongelea jinsi ya kuishawishi Washington, wakatumia maneno ya mafumbo, bunduki kubwa na risasi, kumaanisha hoja nzito. Waliosikiliza upande wetu wakachukua bunduki ni bunduki. Wakaona ni mpango wa kupindua. Wote wawili wakafukuzwa nchini. Yule wa Zanzibar jina lake Frank Carlucci. Mwaka 1978 akawa naibu mkuu wa CIA, na 1987 waziri wa ulinzi wa Marekani. Mwenyewe alikana kwamba alikuwa jasusi kipindi cha Zanzibar. Haya, sasa nani mwandishi wa kubuni kitu kama hicho?

Hujakaa sawa, mwishoni mwa 1965 Che Guevara anatoka Kongo ameshindwa vita, anavuka Tanganyika kuja Kigoma, anaishia kujificha ubalozi wa Cuba Dar akiandika kumbukumbu zake. Makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU yalikuwa Dar tangu 1963, FRELIMO wako pale, ANC wako pale, SWAPO wako pale, na kila mwenye kuwachukia alikuwa na mtu wake pale. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alifungua kifurushi akakuta kitabu. Ndani ya kitabu kulikuwa na bomu. Wiki ile Marekani walikuwa wanaangalia sizoni ya tatu ya Mission: Impossible, ambapo kila kitu kinalipuka kwa mpangilio na hakuna mtu wa maana anayekufa.

Sasa njoo mwaka 1974. Novemba, hapa Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU ikakaa na kutoa lile Azimio la Musoma. Wengi mnalijua kama swali la mtihani wa historia: elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na mtu asiende chuo kikuu moja kwa moja kabla ya kufanya kazi. Lakini liangalie kwa jicho la burudani. Serikali imekunyima televisheni, halafu imeamua nchi nzima ijue kusoma. Vijana waliojua kusoma na wasiokuwa na kioo watafanya nini saa mbili usiku?

Watasoma Willy Gamba. Mwaka huo huo wa 1974 marehemu Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona. Jasusi wa Tanzania, mtanashati, mpenda starehe, bosi wake anaitwa Chifu, na adui wake si Mrusi kama wa James Bond. Adui ni makaburu na vibaraka wao wanaotaka kuzima harakati za ukombozi. Kitabu cha kwanza kinampeleka Nairobi. Kikosi cha Kisasi, 1979, kinampeleka Kinshasa. Ikaja Njama, ikaja Hofu. Ben Mtobwa naye akatuletea Joram Kiango. Kule Kenya David Maillu akamtoa Benni Kamba 009. Yaani ukanda huu wote ukawa na majasusi wake, na wote waliishi kwenye karatasi.

Sitawapamba bure. Wanawake kwenye hadithi za Willy Gamba mara nyingi ni ama mtego ama zawadi, na ukimaliza kitabu unajiuliza jamaa analala saa ngapi. Cinnamon Carter wa 1966, pamoja na kutumiwa kwa urembo wake, alikuwa mfanyakazi mwenye kazi yake kwenye mpango. Hapo Musiba alipitwa. Lakini kwenye swali la nani anamtetea nani, nitaeleza kwa nini nadhani Musiba alishinda.

Kabla ya hapo, kichekesho kimoja. Kile kikosi cha kina Phelps kilikuwa na jina la kifupi: IMF. Ndiyo, herufi zile zile. Sasa kwa mtu wa Butiama, IMF ni neno la ugomvi. Mwishoni mwa 1979 Mwalimu aligombana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu masharti yao, na mwanzoni mwa 1980 akahoji hadharani lini shirika hilo liligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia. Aling'atuka urais 1985, na mwaka 1986 serikali ya Mwinyi ikasaini. Soko likafunguliwa, bidhaa zikaingia, sheria ya utangazaji ya 1993 ikaruhusu vituo binafsi, 1994 ITV ikaanza kurusha Dar es Salaam. IMF ya masharti ndo iliisafishia njia IMF ya kanda za moshi. Ukiona hilo ni bahati tu, sawa.

Kwetu ilichelewa zaidi. Mimi na wenzangu tulikulia kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, turubai dirishani, kiingilio sarafu. Muvi za kijasusi tulizisikia kwa sauti ya marehemu Lufufu kabla hatujajua Kiingereza, na mpaka leo nikiona muvi bila mtu wa kuniambia "oneni jamaa huyu anavyowazunguka" nahisi imepungukiwa. Humo ndo tulimwona Tom Cruise akishuka kwa kamba, muvi ya 1996. Na humo ndo tulimjua Jim Phelps kama msaliti, maana kwenye muvi ile, kama umesahau, Phelps anawauza wenzake.

Sisi hatukuumia, hatukuwa tunamjua. Waliomjua waliumia sana. Miaka yote ile mtu ni mfano wa uaminifu, halafu muvi ya saa mbili inamgeuza Yuda ili kijana mpya apate nafasi. Peter Graves alikataa kuicheza nafasi hiyo, akaigiza Jon Voight. Greg Morris, Barney wangu, alienda kuiangalia sinema akatoka kabla haijaisha. Muvi ilitoka Mei, na Agosti mwaka huo huo akafariki. Faraja ni kwamba tamthilia iliporudishwa kidogo kati ya 1988 na 1990, mtoto wake wa kumzaa, Phil Morris, alicheza kama mtoto wa Barney, na Morris mwenyewe akapita mara kadhaa kumsalimia kazini.

Mwezi uliopita nilienda Bunda kwa mjomba wangu. Mzee ni fundi redio mstaafu, Willy Gamba amemsoma mpaka majalada yametoka. Nikabeba kompyuta na sizoni ya kwanza kwenye flashi. Shikamoo, marahaba, ugali na dagaa, kisha tukakaa barazani nikamwekea.

Mwanzoni alifurahi. Barney alipotoa bisibisi mzee akasogea mbele kabisa. "Huyu fundi," akasema. "Angalia anavyoshika nyaya. Huyu hajaigiza, huyu anajua." Tukaangalia cha pili. Tukaangalia cha tatu. Kwenye cha nne akanyamaza, halafu akaniambia nisimamishe.

"Mjomba, hii nchi walioingia ni nchi gani?"

Nikamweleza kwamba ni nchi ya kubuni. Tamthilia nzima imejaa nchi za namna hiyo, nyingine kama Ulaya ya Mashariki, nyingine kama Amerika ya Kusini, nyingine kama Afrika. Hata vibao vya barabarani viliandikwa lugha ya kutunga ili Mmarekani aelewe na asielewe kwa wakati mmoja.

"Na huyu wanayemtoa madarakani amechaguliwa na nani?"

Nikasema ni mtu mbaya, dikteta.

"Nani kasema ni mbaya?"

"Kanda," nikajibu, na nikajisikia mjinga nilipolisikia jibu langu mwenyewe.

Mzee akacheka kwa sauti. "Kanda! Sauti isiyo na sura inakwambia fulani mbaya, wewe unapanda ndege. Na ikishasema inajichoma moto, ushahidi hakuna. Mwaka sitini na tano hawa hawa walikuwa Zanzibar."

Nikambishia. Nikamwambia mjomba, hii ni burudani tu, na hata Willy Gamba wako anaingia Nairobi na Kinshasa bila kupiga hodi. Akakubali kwamba anaingia. "Lakini Gamba anaenda kuzuia mtu asiuawe," akasema. "Mondlane angekuwa na Gamba, kile kifurushi kisingefunguliwa. Hawa wanaenda kuvunja nyumba ya mtu, halafu wanaondoka hawaulizi watoto watakula nini."

Nimelifikiria hilo njia nzima kurudi Musoma. Sikubaliani naye kwa asilimia mia, maana vipande vingi ni vya kuzuia bomu au kumwokoa mfungwa, na tulikuwa tumeangalia vinne tu. Isitoshe makachero wa nchi yetu enzi za Gamba hawakuwa malaika kwa kila Mtanzania. Lakini ameniharibia. Sasa kila nikisikia ule mlio naisubiri ile sauti itaje jina la nani.

Kabla sijaondoka akaingia ndani, akatoka na Njama. Haina jalada wala kurasa za mwisho. Akaniambia niipeleke kwa hao wanaotengeneza tamthilia huko Dar, waisome. Nikamwambia simjui yeyote. Akasema basi nikae nayo mpaka nimjue, na ile flashi niiache, maana anataka kumwona fundi.